Kupitisha Kiangazi

Kila mwaka nikifika kwenye mada ile huandika neno ubaoni kwa herufi kubwa, kisha nasimama kando kuwaangalia wanafunzi wanavyohangaika kulitamka. Aestivation. Wengine huanzia kwenye a, wengine kwenye e, na wengine hukaa kimya wakisubiri jirani ajitose kwanza achekwe yeye. Nafundisha baiolojia katika sekondari moja hapa Musoma, na kwa utaratibu natakiwa nifundishe kwa Kiingereza mwanzo mwisho. Mkuu wa shule akiwa anapita kwenye korido nafanya hivyo. Akishapita narudi kwenye Kiswahili, maana nataka watoto waelewe, kukariri wamekariri vya kutosha.

Nawaambia kuna viumbe ambao mambo yakiwa magumu hawahami wala hawashindani nayo. Wanajifungia. Moyo unapiga taratibu mno, pumzi zinapungua, hawali, hawanywi, hawajongei. Ukimkuta mmoja utasema amelala, na ukiwa mtu wa haraka kama mimi utasema amekufa. Wale wa nchi za theluji wana neno lao, hibernation. Hawa wa kwetu wanaokimbia jua kali na ukame wana lao, ndilo hilo la ubaoni.

Mpaka mwaka juzi nilikuwa nawapa na tafsiri yangu mwenyewe, fupi na tamu: usingizi wa kiangazi. Walikuwa wanaiandika kwenye madaftari, nami napita na kalamu nyekundu nikiweka tiki. Sasa hivi mwanafunzi akiniandikia hivyo namkata maksi. Sababu yake ni baba yangu.

Baba ni katekista mstaafu. Anaishi kijijini upande wa Butiama, si mbali na bonde la Mto Mara. Utotoni alikuwa anatumikia misa enzi zile misa inasomwa kwa Kilatini, na padri wa parokia yao, akiona kijana ana sikio, alikuwa anamweka barazani na kumfundisha maana ya yale maneno badala ya kumwacha ayaimbe tu. Baadaye misa ikageuzwa kuwa ya Kiswahili na padri akarudi kwao. Baba akabaki na Kilatini chake kama mtu aliyebaki na funguo za nyumba iliyobomolewa. Alikitumia kwa mbuzi, kwa sisi watoto tukichelewa kuamka, na mara moja kwa afisa kilimo aliyekuja kumwonyesha ujuzi. Afisa yule hakurudi tena kwa muda mrefu.

Nilipokwenda chuo kusomea ualimu, majina ya kisayansi yalinitisha mpaka nikataka kubadilisha masomo. Nikaanza kumpigia simu.

"Baba, torpor ni nini?"

"Torpere. Kufa ganzi. Ukiukaliaga mguu muda mrefu, si unakufa ganzi? Ndiyo hiyo."

"Dormancy?"

"Dormire, kulala. Na hilo unaniuliza? Bweni lenu la shule mlikuwa mnaliitaje?"

Tulikuwa tunaliita domitori. Miaka sita nimelala ndani ya neno la Kilatini bila kujua. Mambo kama haya yalimfurahisha baba kuliko zawadi yoyote niliyowahi kumpelekea, na mimi yalinipa ujasiri, kwa sababu neno likishakuwa na baba yako ndani yake halikutishi tena.

Siku niliyomuuliza hili la aestivation aliniambia nimtajie herufi moja moja. Kisha akafundisha kama yuko kanisani. Aestas ni kiangazi. Aestivare ni kupitisha kiangazi mahali fulani, mpaka kiishe. Na hibernare ni hivyohivyo kwa majira ya baridi. Askari wa Kirumi walikuwa na kambi zao za kupitishia baridi, wakiziita hiberna. Vita vinasimama, askari wanarundikana kambini, wanapika, wanashona viatu, wanagombana kwa kelele kama kawaida ya watu, wanangoja njia zikauke. Alieleza mengi. Mimi mtihani ulikuwa kesho yake, nikaandika haraka haraka: aestas, kiangazi. Mbele yake nikaongeza la kwangu: usingizi.

"Samaki huyo unayemsoma ni kamongo," baba akasema kabla hajakata simu. "Unamfahamu. Tulimchimba wote."

Nilikuwa namfahamu kweli. Nilikuwa na miaka saba au minane, mwisho wa kiangazi, na baba alinichukua hadi ukingo wa bonde ambako maji yalikuwa yamerudi nyuma na tope kupasuka vipandevipande. Alikuwa na jembe begani, na mkononi kibuyu kidogo kitupu. Nilidhani kibuyu ni cha maji ya kunywa. Akachuchumaa, akakiweka kati ya magoti, akaanza kukigonga kwa ncha za vidole, taratibu, mara moja, kimya, mara mbili, kimya, kisha haraka haraka lakini kwa wepesi. Ilikuwa mvua ile ya kwanza inapoanza kugusa bati. Akaacha. Akaniwekea kidole mdomoni.

Chini ya lile tope kavu kukatoka sauti. Chwa. Chwa, chwa. Ni sauti ya mtu mzima anayekula bila adabu. Kamongo alikuwa amesikia mvua, akaanza kuchezesha mdomo humo shimoni mwake.

"Usichimbe kabla hajajibu," baba akaniambia. "Utachimba bonde zima."

Tulipomfikia alikuwa amejikunja, mkia umemfunika uso, amejiviringisha ndani ya ngozi nyembamba iliyotokana na ute wake mwenyewe, na mbele ya mdomo kitundu kimoja tu cha kuvutia hewa. Nilimgusa, hakusogea. Tukamtia kwenye ndoo ya maji, nami nikatembea njia nzima nimechungulia ndoo, na kabla hatujafika nyumbani alikuwa anageuka humo ndani, mnene na mwenye hasira.

Kwetu wanawake wengi walikuwa hawamli kamongo. Mama hakumruhusu hata kuingia kwenye chungu chake, kwa hiyo baba alimpika mwenyewe nje, kwenye sufuria kuukuu lisilo na mshikio. Nyuma ya ghala alinipa, mimi binti yake, kipande cha mgongo, kinachuruzika mafuta. "Mama yako asijue," akasema. Niliporudi jikoni mama alininusa mara moja tu, akaniambia nikaoshe mdomo, akacheka mpaka akaketi chini. Hakumwambia baba kwamba anajua. Walikaa hivyo na siri ile miaka yote, kila mmoja akiitunza upande wake.

Mama yangu alikuwa mtu wa sauti. Kijijini kwetu muhogo huanikwa nje juu ya mwamba au turubai, na mawingu yakijikusanya tu upande wa ziwa, mama alikuwa anatoka mlangoni na kuita: "Mvua hiyo! Anueni muhogo!" Alisikika mpaka mji wa tatu. Majirani walikuwa hawaangalii juu, walikuwa wanamsikiliza yeye. Sisi watoto tuliacha chochote tulichokuwa nacho mkononi, na baba naye, katekista mzima, alikimbia na karai akiwa amekunja suruali.

Mama alifariki mwaka juzi, masika yalipokwisha. Tulimzika pembeni ya shamba la muhogo, hatua chache kutoka dirisha la chumba chao. Baba alisimamia msiba wote vizuri. Aliongoza sala, aliwashukuru watu, aliuliza kama waliotoka mbali wamekula. Baada ya arobaini tukatawanyika. Kaka yangu, ambaye ni kifungua mimba wetu na muuza vipuri vya pikipiki mjini Bunda, akarudi dukani kwake. Mimi nikarudi Musoma, mtaa wa Kitaji ninakopanga, na kwenye madaftari yangu.

Ndipo baba akalala.

Alianza na kulala mchana. Kisha asubuhi nayo ikaingia. Halafu jirani yetu, mama mmoja wa jumuiya ya kanisani, akanipigia simu. "Mwalimu, mzee siku hizi hatokagi ndani. Chakula tunaletaga, anakula matonge mawili, anageukia ukutani. Njoo umwone."

Nilikwenda Jumamosi. Nilimkuta kalala ubavu, uso ukutani, blanketi hadi sikioni, wakati jua nje linachoma. Nikasema, "Shikamoo baba."

Hakuitikia.

Sijui niieleze vipi kwa mtu ambaye hakukulia kwetu. Baba aliwahi kunikasirikia mwezi mzima nilipokuwa kidato cha nne, na mwezi mzima huo kila asubuhi aliitikia shikamoo yangu kwanza, ndipo akaendelea kununa. Shikamoo yangu haikuwahi kudondoka chini tangu nijue kusema. Kukonda kwake kulinisikitisha. Kutoitikia kwake kulinitia hofu, na hofu mimi hunijia kwa sura ya hasira, nikaanza kufagia chumba kwa nguvu.

Tulimleta hospitali Musoma. Wakapima presha, sukari, damu, kichwa, kila kinachopimwa. Alitembea mwenyewe, akajibu alichoulizwa na hakuongeza neno. Daktari, binti mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, alinivuta pembeni. "Ugonjwa siuoni," akasema. "Huu ni msiba. Apumzike, na msimwache peke yake." Aliniambia mambo mawili. Nilitoka pale na moja.

Kaka alikuwa na lake. "Tumlete Bunda. Nina chumba nyuma ya duka. Nyumba tufunge."

Nilimjia juu. Baba alishatuambia siku ya maziko kwamba hatoki karibu na kaburi lile, na mimi nilikuwa na uhakika kwamba tukimpeleka akageukie ukuta mwingine, ukuta wa mtu, hatafika Krismasi. Hilo sikulisema, nililiogopa. Badala yake nilimpa kaka kipindi kizima cha baiolojia kwa simu. Nikamweleza habari za kamongo, jinsi mwili unavyopunguza moto wake, jinsi anavyolala miezi hata zaidi ya kiangazi kimoja, na mvua ikija anaamka. Baba yuko kwenye kiangazi chake, nikasema. Aachwe. Vuli ikianza atainuka.

"Wewe mwalimu," kaka akasema, "baba siyo samaki."

"Nipe mpaka mvua."

Akavuta pumzi. "Sawa. Mvua ikinyesha, na hajaamka, nakuja na gari. Usije ukaniletea tena hadithi za kamongo."

Tukakubaliana hivyo, na mimi nikaanza kulinda usingizi wa baba. Nilikuwa mkali, nakiri. Majogoo wawili waliokuwa wanawika chini ya dirisha lake niliwapeleka kwa jirani pamoja na mitetea yao. Watoto waliokuwa wanakuja kuchota maji kwenye tangi letu, wakigombania foleni, niliwaambia waende bombani. Akina mama wa jumuiya waliokuwa wanakuja kusali na kuimba kila Jumatano niliwaomba wasalie kwao kwanza. Redio yake niliibeba kwenye mkoba nikaiweka Kitaji, juu ya kabati. Komeo la mlango lilikuwa linagonga, nikalifunga kitambaa. Jirani akawa anaacha chakula mlangoni na kuondoka kwa ncha za vidole, kama nilivyomwelekeza. Na mimi kila Jumamosi nilivua viatu nje, nikaingia, nikainama karibu na kitanda, nikanong'ona: "Shikamoo baba."

Hakuitikia hata mara moja. Nilirudi Musoma nikijiambia kwamba usingizi ni mzito, na huo ni usingizi mzuri.

Mvua ya kwanza ilinikuta darasani, Ijumaa asubuhi. Ilianza kugonga bati tukiwa katikati ya somo, na nilibaki nimeshika chaki nikisikiliza, wanafunzi wakadhani naumwa. Nikaenda kuomba ruhusa. Sikumbuki nilisema nini kwa mkuu wa shule, nakumbuka tu kwamba alinipa mwavuli wake. Nilifika kijijini mchana, sketi imelowa mpaka magotini, na mvua huko ilikuwa imenyesha kubwa kuliko ya mjini. Vijito vyekundu vilikuwa bado vinashuka uwanjani. Chumbani kwa baba kulikuwa na harufu nzuri ya udongo iliyoingia dirishani.

Uso wake ulikuwa ukutani. Blanketi lilikuwa palepale.

Nilinong'ona shikamoo yangu. Nikangoja. Nikarudia. Kisha nikaenda jikoni, nikakaa kwenye kigoda cha mama, nikalia kwa kuuma upindo wa kanga ili nisitoe sauti. Jioni nilimpigia kaka mwenyewe. Nilijiandaa kusimangwa. Hakunisimanga. "Basi, mdogo wangu," akasema. "Umejitahidi. Kesho nakuja."

Asubuhi yake nikaanza kufungasha. Nguo za baba zilikuwa chache, nikamaliza mapema, nikahamia jikoni kwa mama ambako hakuna aliyekuwa amegusa kitu. Juu ya mwiko wa ugali, kwenye msumari, kilining'inia kibuyu chake cha maziwa. Nilikitungua. Kibuyu kikikaa muda mrefu bila kutumika hupasuka, na kwetu ukitaka kujua kama kimepasuka unakigonga na kusikiliza. Nikakigonga kwa vidole. Kilikuwa kizima. Nikagonga upande wa pili. Sikuwa na mawazo yoyote, nilikuwa nimechoka, vidole vikaendelea vyenyewe, huku naangalia mlango uko wazi na gari la kaka bado halijaja.

Chwa.

Nikaacha. Nilidhani ni panya.

Nikagonga tena kidogo. Kutoka chumbani, nyuma ya ukuta wa tope na chokaa, ikaja: chwa, chwa, chwa. Ni sauti ya mtu mzima anayekula bila adabu.

Nilibaki nimekishika kile kibuyu. Kisha baba akasema, kwa sauti iliyokauka kama ya redio iliyokaa muda bila betri mpya, "Mvua gani hiyo? Unapigaga kama unafukuza kuku. Mvua ya kwanza inaanzaga polepole."

Nikaenda. Alikuwa amegeuka. Uso wake ulikuwa mlangoni, ndevu nyeupe zimeota ovyo, na macho yake yalinitazama mimi.

"Baba," nikasema, "jana mvua ilinyesha."

"Niliisikia."

"Sasa mbona hukuamka?"

Aligeuza macho dirishani. "Ilinyesha mpaka ikakata," akasema, "hakuna mtu aliyesema anueni muhogo."

"Hakukuwa na muhogo nje, baba."

"Najua. Ndiyo ninachokuambia."

Niliketi ukingoni mwa kitanda. Akasogeza miguu kunipisha, kitu kidogo tu, lakini mimi nilikiona.

"Na wewe," akaendelea, "unakuja hapa unanong'ona. Shikamoo inanong'onwaga? Nimezika watu nusu ya maisha yangu, nyumba wanayonong'onaga watu ni ile yenye maiti. Kuku hamna. Watoto hamna. Jumuiya wamekata mguu. Nikasema labda mimi ndiye niliyekufa, halafu mama yenu yupo jikoni ila hanisikii."

"Nilitaka upumzike." Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. "Niliwaambia watu uko kama kamongo. Umelala, mvua ikija utaamka. Aestivation, baba. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nani alikuambia kamongo analala?"

Nikafuta uso kwa kanga.

"Ukimchimba mwanzo wa kiangazi unamkuta amenona," baba akasema. "Mwishoni unakuta kichwa na ngozi. Yule mnene wa kwenye ndoo alikuwa bahati yako. Hapati chakula mule shimoni, anajila mwenyewe, nyama yake. Kiangazi kikizidi anajila mpaka anakwisha. Na mwalimu wa baiolojia ni wewe." Akakohoa, nikamnywesha maji, akaendelea kama mtu aliyekatishwa mahubiri. "Aestivare nilikuambia ni nini?"

"Kupitisha kiangazi."

"Na hibernare?"

"Kupitisha baridi. Askari, kambini. Wanapika, wanashona viatu."

"Usingizi nilisema wapi?"

Hakusema popote. Nililiongeza mimi kwa kalamu yangu, siku ile ya haraka, na nikalifundisha miaka yote, kisha nikaja kumfungia nalo baba yangu ndani. Askari wale walikuwa na wenzao. Yeye nilimwondolea hata majogoo.

"Nisamehe, baba," nikasema.

Akanipa mkono, mwepesi kuliko nilivyoukumbuka. Huwa ananiita mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake mzazi. "Mama," akasema, "uji upo?"

Kaka alifika na pikapu ya rafiki yake, nyuma kapakia godoro jipya bado liko ndani ya nailoni. Alitukuta uani. Baba alikuwa kwenye kigoda, anatazamana na kaburi, kikombe cha uji mikononi, anakunywa kwa sauti. Nilikuwa nimeshakwenda kwa jirani kuchukua kuku, na jirani alikuja nao mwenyewe, na wanawe, na wanawe wakaja na madumu yao. Uwanja ulikuwa fujo tupu. Kaka alisimama kwenye lango na ufunguo wa gari mkononi kama mtu aliyekosea nyumba.

"Shikamoo baba," akasema kwa ile sauti yake ya dukani.

"Marahaba. Hilo godoro la nani?"

Kaka akanitazama. Mimi nikatazama kuku.

"La kwako baba," akasema. "Nimekuletea."

"Asante. La zamani linaniumizaga mgongo." Baba akanywa uji. Godoro likashushwa likaingizwa ndani, na habari ya kwenda Bunda haikutajwa na mtu yeyote siku ile wala baada yake. Kaka alijificha nyuma ya gari akapenga kamasi muda mrefu, akasema ni vumbi, na mvua ilikuwa imenyesha jana tu.

Niliona wivu, niseme ukweli. Mimi ndiye niliyekuja Jumamosi zote, na marahaba ameipata yeye kwa mara moja. Nadhani baba aliniona, kwa sababu alisema bila kugeuka, "Wewe bado hujanisalimia."

"Nilikusalimia, baba."

"Hukunisalimia. Nenda kule njiani uingie upya."

Mimi ni mtu mzima, nina zaidi ya miaka arobaini, na watoto wa jirani walikuwa wamesimama wananitazama na madumu yao. Nikaenda mpaka njiani. Nikageuka. Nikaingia kwenye mji wetu kwa sauti ambayo sikujua kwamba nilikuwa nayo, ya mama, yote, mpaka majogoo wakaruka.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba, mama," akaitikia. "Hujambo?"

Nikachukua kikombe chake kumwongezea uji.

Hakupona siku ile, nisije nikaonekana nimeandika muujiza. Kuna asubuhi ambazo bado anageukia ukuta, na mchana ambao anakula matonge mawili tu. Lakini kuku wako chini ya dirisha, redio inasema peke yake siku nzima, watoto wanagombana kwenye tangi, akina mama wa jumuiya wanakuja Jumatano na wanaimba kwa sauti kubwa na mbaya, naye huwasahihisha. Wajukuu wa Bunda huletwa likizo, wanavunja vitu. Jirani anaanika muhogo wake kwenye mwamba wetu, nilimwomba mimi. Darasani nimefuta tafsiri yangu. Nawaambia wanafunzi neno hili ndani yake lina kiangazi tu, na mtu anayekipitisha, usingizi haumo. Nawaambia pia kwamba kitendo chenyewe kinamla anayekifanya. Wanaandika.

Na tangu vuli ile kuna jambo limeanza. Mawingu yakijikusanya Butiama, simu yangu inaita. Inaweza kuwa mchana niko ofisini na walimu wenzangu, inaweza kuwa niko sokoni Iringo nimeshika sato kwa mkia. Kaka naye anapigiwa Bunda, katikati ya wateja. Hakuna salamu. Ni sauti ya mzee, imepanda kadiri inavyoweza kupanda: "Mvua hiyo! Anueni muhogo!"

Nyumba ninayopanga Kitaji haina uwanja, ina kamba moja ya nguo. Sijawahi kuanika muhogo mjini. Huacha ninachofanya, nasimama, na kumjibu kwa sauti ambayo ofisi nzima inageuka.

"Tunaanua, baba."